Staa Kasifia "Waini ya Ulaya" Sumbawanga, Kumbe Imetoka kwa Shangazi Mpunguzi!

Leo naleta stori ya waini, na umbea umo humo humo katikati, vumilieni tu. Kama hujafika 18 ruka hii, tukutane kesho.

Mimi mtoto wa Milepa, kule bondeni Rukwa, kwenye mpunga na samaki wa ziwa, ukitaka kwenda mjini Sumbawanga lazima upande mlima. Kwetu pombe ni ya ulezi. Waini tuliijua kwa jina la divai, na mnywaji ni padre, sisi tunaangalia tu kikombe kinavyonyanyuliwa. Sasa hivi ndo mimi nawachagulia watu waini za sherehe. Maisha haya!

Aliyenifundisha ni shangazi yangu. Kaolewa na Mgogo, wana eka moja ya zabibu Mpunguzi, ukitoka Iringa kuja Dodoma unaipita. Kule zabibu zilianzia kwa wamisionari wa Kikatoliki, na Bihawana, hapo jirani tu, waini ya misheni ina jina tangu zamani. Halafu Dodoma zabibu inavunwa mara mbili kwa mwaka, Ulaya mara moja tu. Unaipogoa, inachipua, inazaa, unapogoa tena. Ila mavuno ya kipindi cha mvua yana kazi, ubwiri unashambulia sana. Yale ya kiangazi, mwezi wa nane na wa tisa, jua linapiga, sukari inajaa kwenye tunda.

Sasa mwaka jana mavuno hayo ya kiangazi, mnunuzi aliyezoea kuchukua mzigo wake akashusha bei, na hela akasema atalipa baadaye. Baadaye lini, hasemi. Zabibu haina subira. Ikishaiva ni siku chache tu, ndege wanakula, nyuki wanakula, nyingine inaoza. Shangazi akapeleka mzigo wote kwa msindikaji mdogo pale Dodoma, akakamuliwa mchuzi, wakagawana. Mwaka huu mwezi wa tano nikamkuta na chupa 160 ndani, nyekundu na nyeupe, na mwanae wa chuo anadaiwa ada.

Na mimi kule Sumbawanga nilikuwa kwenye kamati ya harusi ya binamu yangu, kitengo cha vinywaji. Mnaona mchongo ulivyojileta.

Nikamwambia shangazi nitabeba, ila nionje kwanza. Akasema, "We onja mama, na usinionee aibu." Akaita na jirani zake wawili wenye mashamba madogo, nao wakaja na chupa zao. Tukakaa chini ya mwarobaini, glasi sita, maji ya kusukutulia, na mkate mkavu.

Kuonja kwenyewe hakuna uchawi. Weka kidogo kwenye glasi, shika karatasi nyeupe nyuma yake, angalia rangi. Nyekundu changa inang'aa kama rozela. Ikianza kuwa ya kahawia na ni ya mwaka jana tu, jiulize imehifadhiwaje. Halafu zungusha glasi, nusa. Pua ndiyo inafanya kazi kubwa, ulimi unamalizia. Ukisikia siki, weka chini, hiyo imeshaenda. Kisha kunywa kidogo, iache itembee mdomoni. Mate yakitoka pembeni mwa ulimi, huo ni uchachu, na waini nyeupe bila uchachu inakuwa kama juisi iliyolala. Fizi zikikauka kama umekunywa chai ya rangi iliyokaa na majani muda mrefu, huo ni ukakasi. Unatoka kwenye maganda na mbegu. Maana maji ya zabibu karibu zote hayana rangi, hata za zabibu nyeusi. Nyekundu inaachwa ichachuke pamoja na maganda, ndo inabeba rangi na ukakasi. Nyeupe inakamuliwa maganda yanatupwa.

Nyekundu ya shangazi ilikuwa ya zabibu ya Makutupora. Wadau, ilikuwa nzuri. Ukakasi wa kiasi, harufu kama zambarau, haina sukari ya kuzuga. Hapa niseme tu ukweli wangu, waini tamu sana siiamini. Sukari inaficha mengi, sawa na vipodozi vingi usoni kwa fundi asiyejua.

Nyeupe yake sasa. Ilikuwa ya Chenin Blanc, ile zabibu asili yake Ufaransa ambayo Afrika Kusini wanailima kuliko nchi nyingine zote. Nikanusa, nikapata harufu ya epo lililokatwa likaachwa mezani hadi likawa kahawia. Hewa iliingia. Ya jirani, zabibu hiyo hiyo, udongo huo huo, ilikuwa safi, kama pera na ndimu kwa mbali.

Huyu kanilipia nauli nikiwa sekondari. Jirani zake wamekaa pale wanasikiliza. Nikamwambia, "Shangazi, nyekundu nachukua yote uliyonayo. Nyeupe nachukua ya mama huyu." Akanyamaza. Akanusa glasi yake, akanusa ya jirani, akarudia. Akamwaga yake chini ya mti, akasema, "Haya, fungeni mzigo." Usiku ule hakuongea na mimi sana.

Sumbawanga kamati ikagoma. Mwenyekiti anataka yenye lebo ya ng'ambo, eti tutachekwa. Nikawaonyesha nembo ya TBS na stempu ya TRA, hola. Mwisho mama mkubwa akakata shauri kuwa chupa zote zifungwe vitambaa, asijue mtu. Harusi ilikuwa mwezi wa saba, na mnaijua baridi ya Ufipa mwezi huo. Nyekundu hata friji haikuhitaji, wale wanaosema inywewe kwa joto la chumba nadhani walikuwa na chumba cha Sumbawanga. Ingekuwa Milepa ningeichovya kwenye maji ya baridi kwanza. Nyeupe ikaenda na samaki, nyekundu na mbuzi wa kuchoma.

Meza ya mbele alikaa yule dada wa filamu, jina naliweka mfukoni, yule anayeposti glasi kila Ijumaa na anajiita mjuzi. Akaonja nyekundu, akafumba macho, akawaambia wenzake hii ya Italia kabisa, yeye anajua. Akaomba ya pili. Ya tatu. Mjomba wa bwana harusi, hana dogo yule mzee, akafungua kitambaa mbele yake. Lebo: Dodoma, Tanzania. Meza nzima kimya. Dada akacheka, akapiga picha, nikasema huyu leo kanibebea shangazi hadi milioni ya wafuasi.

Kesho yake picha ikatoka. Glasi ipo, kucha zipo, chupa imekatwa shingoni.

Hela niliyorudisha Mpunguzi ililipa ada ya muhula mmoja, wa pili bado. Wiki iliyopita shangazi kapiga simu, zabibu zimeiva tena. Hakunisalimia sana, kaenda moja kwa moja, "Yule jirani nimemuuliza. Anajaza mapipa hadi juu, haachi nafasi ya hewa. Na mimi mwaka huu nyeupe naijaza hivyo hivyo. Utakuja kuonja mwakani, sawa?" Nitaenda.

Na wewe dada wa filamu, najua humu unapitaga. Chupa moja nimekuwekea. Safari hii usikate lebo.