Hodi ya Tatu

Nyumba nyingi za Ushongo hazina kengele, na mchana milango huwa wazi. Mgeni hasogei mpaka kizingitini. Anasimama kando, mahali ambapo macho yake hayawezi kuingia ndani kabla yake, anaita hodi. Akinyamaziwa anangoja kidogo, anaita tena. Akinyamaziwa mara ya tatu anaondoka, bila kinyongo. Bibi yangu mzaa mama alitufundisha hivyo tukiwa wadogo. Sababu aliyotupa ni kwamba mwenye nyumba huenda anaswali, huenda anaoga, au hataki tu kuonekana, na yote matatu ni haki yake.

Kompyuta inayotafuta mtandao usio na waya hufanya jambo hilo hilo. Tunasema "imeunganishwa," lakini hakuna uzi wowote kati yake na ruta. Inaita hewani. Ruta ikiitikia, inaomba anwani. Ikipewa anwani, imekaribishwa. Ikituma kifurushi cha data kisijibiwe, inangoja muda mfupi uliochaguliwa kwa bahati nasibu, inatuma tena, na ikizidi kukosa jibu inazidi kungoja.

Adabu hiyo ina asili ya visiwani. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, Norman Abramson na wenzake waliwasha mtandao wa redio uliounganisha visiwa vyao na kompyuta iliyokuwa kisiwa cha Oahu, kwa sababu laini za simu zilikuwa ghali na si za kutegemewa. Vituo vyote vilitumia masafa mamoja, hivyo viwili vikisema kwa pamoja, maneno yaligongana na kuharibika. Suluhisho lao lilikuwa rahisi: asiyesikia jibu angoje, kila mmoja kwa muda wake, kisha aite tena. Mtandao huo waliuita ALOHAnet, na aloha kwao ni neno la salamu. Wi-Fi ya leo imeongeza jambo moja la maana, kusikiliza kwanza kabla ya kusema, lakini ile desturi ya kungoja na kurudia bado ndiyo mhimili wake.

Hayo nilikuwa nayo kichwani, kama mtu anavyokuwa na mambo ya darasani, mpaka mwaka jana mwezi wa nane nilipokuwa Ushongo na mtoto wa mjomba akawa na siku nne za kuomba mkopo wa elimu ya juu.

Alikuwa amemaliza kidato cha sita na alama zake zilikuwa nzuri. Mjomba ni mlinzi wa usiku kwenye moja ya hoteli za ufukweni, na asubuhi bahari ikitulia hutoka na ngalawa. Bila mkopo hakuna chuo. Hilo hakulisema mtu kwa mdomo, ila Bibi alikuwa ameshaacha kutaja neno chuo mbele ya wageni.

Maombi ya mkopo yote hufanyika mtandaoni. Unajaza taarifa, unalipa ada ya shilingi 30,000 kwa simu, unapakua fomu, unaichapa, unaipeleka kwa viongozi wa kijiji na kwa wakili isainiwe, kisha unaipiga skani na kuipandisha tena kwenye mfumo, pamoja na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Kwa mtu wa Ushongo, kuchapa na kusaini maana yake ni bodaboda katikati ya minazi na mkonge hadi Bweni, kivuko cha Mto Pangani, mjini, halafu njia ile ile kurudi. Binamu yangu alikuwa na kitochi. Kompyuta mpakato ilikuwa moja tu ukoo mzima, yangu.

Nyumbani kwa Bibi simu huonyesha herufi E, na kwa E hiyo ukurasa mmoja unaweza kufunguka huku wali ukiiva. Meneja wa hoteli ya mjomba, kwa wema wake, alituruhusu tukae baraza la nyuma, karibu na jiko, tutumie Wi-Fi. Ruta ilikuwa mapokezi, kama hatua ishirini na tano kutoka hapo, na ukuta mmoja katikati.

Siku ya kwanza asubuhi tulikaa mezani, mtandao ukaenda vizuri, akajaza majina, shule, wazazi. Saa tisa alasiri ukafa. Pale chini pembeni mwa kioo pakatokea alama ya mshangao, na maneno yanayosema umeunganishwa lakini hakuna intaneti. Ni sawa na kuambiwa karibu na mtu aliyesimama mlangoni akikuzuia kupita.

Kutafuta hitilafu ya mtandao ni kutafuta mlango uliofungwa, na milango ni mingi. Kompyuta huita ruta, ruta huita mnara, mnara huita mkongo, mkongo huita nyaya zilizolala chini ya bahari. Mei 2024 nyaya mbili za namna hiyo, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na sehemu kubwa ya Tanzania ikabaki inaita bila kujibiwa, hata wenye ruta mpya na bando lililojaa. Kwa hiyo unaanza na swali moja: je, kuna mwingine anayepita? Simu yangu, juu ya meza hiyo hiyo, kwenye Wi-Fi hiyo hiyo, ilipita bila shida. Bahari, mkongo, mnara na ruta vyote vikaondoka kwenye orodha ya washukiwa. Tukabaki na kompyuta.

Msomaji atauliza kwa nini tusimalize kwa simu. Mafaili yalikuwa yanakuja kwenye flashi kutoka stesheni ya mjini, simu yangu haisomi flashi, na waya niliokuwa nao ulikuwa wa kuchaji tu. Umeme unapita, mafaili hayapiti. Waya wa namna hiyo Tanzania uko kila nyumba.

Niliusahaulisha mtandao nikajiunga upya. Niliondoa draiva nikaiweka tena. Nilizima kila programu inayopenda kujisasisha kimyakimya. Kisha nikatazama anwani, na hapo ndipo ugonjwa ulipoanza kusema. Ilianza na 169.254. Kompyuta hujipa yenyewe anwani ya kundi hilo inapoomba kwa ruta ikakosa jibu. Ni mgeni aliyeita hodi, hakuitikiwa, akajikaribisha, akaketi barazani na kujiona amefika.

Mjomba alipokuja kuanza zamu yake alituamkua, akatazama kioo, akacheka kidogo.

"Maji yamejaa," alisema. "Maji yakijaa hapa, mtandao huondoka. Tulishazoea."

Sikulidharau neno lake. Mawimbi ya redio yanayosafiri juu ya maji huakisiwa na uso wa bahari, na pwani ya Tanga, wakati wa bamvua, bahari hupanda zaidi ya mita tatu kati ya kupwa na kujaa. Ile njia ya pili, ya mwangwi kutoka majini, inaweza kuisaidia ile ya kwanza au kuivuruga kutegemea kina. Watu wanaotafuta mnara wa mbali kando ya bahari wanaweza kabisa kuliona hilo kwa miaka kabla hawajaletewa mhandisi wa kuwaeleza. Isitoshe siku ile ilikuwa bamvua, na bamvua ya pwani yetu hujaa alasiri kuelekea jioni. Saa zilikubaliana.

Lakini bahari ina ratiba inayosogea. Kila siku huchelewa kwa dakika arobaini, hamsini hivi, na mvuvi anajua hilo kuliko mimi. Kesho yake asubuhi tulipakua fomu salama. Alasiri mtandao ukafa tena, na ulikufa saa tisa kama jana, wakati maji yalikuwa bado yako mbali na mstari wa jana. Nilimwambia mjomba. Alitazama ufukwe, akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi si maji." Alilisema bila shida yoyote, kama mtu aliyezoea kupoteza nadharia baharini.

Siku ya tatu binamu alivuka Pangani na fomu zake. Wakili hakuwepo. Alilala kwa shangazi mjini, akampata asubuhi, akapiga skani, akarudi Ushongo siku ya nne saa nane mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi, flashi ameifunga kwenye pindo la mtandio. Dirisha lilikuwa linafungwa usiku ule.

Saa tisa wapishi walihitaji meza yao kukatia mboga za wageni, kama walivyofanya siku zote, nasi tukahamia kwenye mkeka, hatua tatu tu pembeni. Mtandao ukafa.

Niliwasha ping, programu ndogo aliyoiandika Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983 na kuipa jina la mlio ambao nyambizi hutuma majini ili zisikilize mwangwi. Kazi yake ni kuita tu. Unaipa anwani, inaita, na kila ikijibiwa inaandika mstari mmoja. Isipojibiwa inaandika kwamba muda umepita. Niliipa anwani ya ruta. Muda umepita. Muda umepita. Simu yangu, juu ya mkeka huo huo, ilikuwa inafungua picha.

Binamu alikuwa amechuchumaa nyuma yangu na hakuona vizuri. Akanyoosha mkono akakisimamisha kioo, kimtazame yeye. Mistari ikaanza kujibiwa. Akakiachia, kikalala nyuma kama tulivyokiweka. Ikanyamaza. Akakisimamisha. Ikajibu.

"Kaka," alisema, "inajibu ikiinama."

Antena za kompyuta mpakato nyingi hukaa juu, kwenye fremu ya kioo, na nyaya zake nyembamba kama tambi hupita ndani ya bawaba kuteremka hadi kwenye kadi ya Wi-Fi chini ya kibodi. Kompyuta yangu ilikuwa imekaa pwani miezi. Chumvi ilikuwa imeingia kwenye bawaba, imekaza, na kila kioo kilipofunguliwa sana, bawaba iliminya waya. Mezani tulikuwa tunatazama kioo kikiwa kimesimama. Kwenye mkeka, chini, ilitubidi tukilaze ili tukione. Jiko la hoteli huanza chakula cha jioni saa tisa. Kompyuta yetu nayo ikawa inakufa saa tisa.

Mpishi mmoja alitupa kifuu cha nazi. Tulikiweka nyuma ya kioo kukizuia kisilale, kikainama mbele karibu kufunga, na binamu yangu akalala kifudifudi juu ya mkeka, shavu karibu liguse kibodi, akapandisha maombi yake ya chuo kikuu kwa namna hiyo. Cheti cha kuzaliwa. Fomu yenye mihuri. Picha. Kila faili lilipofika asilimia mia alitaja namba kwa sauti, na wapishi wakawa wanaitikia kutoka jikoni. Ujumbe kwamba maombi yamepokelewa ulitokea kabla ya magharibi.

Usiku Bibi aliuliza, "Haya, wamekukaribisha?"

"Wameitikia tu, Bibi," binamu alijibu. "Mlango bado."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko nilivyoifikiria bawaba. Zamani, ukienda ofisi ya serikali na shida yako, hata ukifukuzwa, kuna mtu aliyekuona umesimama. Karani anaweza kukukatalia, lakini hawezi kusema hukuja. Mfumo wa mtandaoni una uadilifu wake: haumjui mtoto wa nani, haudai chai, unapokea wa Ushongo na wa Masaki kwa fomu moja. Ila una uziwi ambao karani hakuwa nao. Hodi isiyoufikia si hodi iliyokataliwa. Haipo kabisa. Kama kile kifuu kisingepatikana, hakuna orodha yoyote nchini ambayo ingeonyesha kwamba binti mmoja wa Pangani alivuka mto mara mbili, akasainiwa, akaita siku nne. Angeweza kuhesabiwa pamoja na wale ambao hawakutaka kuomba. Na tukitazama takwimu za nani ameomba mkopo na nani hakuomba, tunaweza kudhani tunasoma bidii ya watu, kumbe sehemu yake tunasoma minara, waya za kuchaji, na kutu.

Fundi wa Tanga mjini aliifungua kompyuta wiki mbili baadaye. Waya mmoja ulikuwa umekatika, mwingine umebaki nyuzi chache. Alibadilisha zote mbili, akapaka bawaba mafuta, akaniuliza nakaa wapi. Nilipomwambia, alisema wateja wake wa ufukweni wote wana ugonjwa huo, tofauti ni kiungo tu.

Majina ya mikopo hutangazwa kwa awamu. Awamu ya kwanza jina la binamu halikuwamo. Bibi alisema hiyo ni hodi ya kwanza, na hakuna anayeondoka kwenye hodi ya kwanza. Awamu ya pili lilikuwamo. Aliyemwambia ni rafiki yake aliyesoma naye, alimpigia saa tatu usiku, kwenye kitochi, huku sisi wengine tumekaa uani tukimwambia anyamaze asikilize vizuri.