Mwenye paspoti ya nguvu alirudi kwao. Mwana wa Kongo atamlilia nani?

KOLWEZI – Tarehe 8 mwezi wa nne 2025, Wamarekani watatu waliondoka Kinshasa kwa ndege, chini ya ulinzi, kurudi kwao. Miezi saba mbele ya hapo, tarehe 13 mwezi wa tisa 2024, korti ya kijeshi ilikuwa imewakatia hukumu ya kifo pamoja na watu wengine 34. Kosa lilikuwa shambulio la tarehe 19 mwezi wa tano 2024, wakati Christian Malanga na watu wake walipovamia nyumba ya Vital Kamerhe na kuingia Palais de la Nation. Malanga mwenyewe aliuawa siku ile. Wale watatu walikata rufaa, hukumu ikabaki vilevile.

Kisha mambo yakageuka. Mwanzoni mwa mwezi wa nne, Rais Tshisekedi aliwabadilishia kifo kuwa kifungo cha maisha. Siku hizo hizo Massad Boulos, mjumbe wa Marekani, alifika Kinshasa kuzungumza juu ya usalama na madini. Hakuna aliyetangaza kwamba vitu hivyo viwili vilifungwa katika furushi moja. Lakini mtu wa Manika au Dilala, anayeona malori ya shaba na kobalti yakipita kila siku kuelekea Kasumbalesa, hahitaji mwalimu wa kumfundisha hesabu.

Mbelgiji mwenye asili ya Kongo, Jean-Jacques Wondo, naye alikuwa amehukumiwa kufa katika kesi ile ile. Mwezi wa pili 2025 aliachiwa na kwenda Ubelgiji. Wengi katika waliobaki ni Wakongomani. Wao hawana ambasade ya kugonga mlango wa Rais kwa ajili yao, maana wako kwao.

Kongo inajua namna inchi kubwa zinavyowatetea watu wao. Mwaka 2009, huko Kisangani, Wanorwei wawili, Joshua French na Tjostolv Moland, walihukumiwa kifo juu ya mauaji ya dereva Mkongomani. Serikali yao haikuacha kusema. Moland alikufa gerezani mwaka 2013. French alirudishwa kwao mwaka 2017. Kwa miaka yote ile Norwei ilikuwa na watu wa kwenda kumtazama gerezani, kuuliza afya yake na kuzungumza na Kinshasa. Familia ya dereva haikupata kusikika hivyo.

Sasa tugeuze upande. Watoto wa Kongo, kama wa Kenya, Uganda na Tanzania, wanasafiri. Wafanyabiashara wanaenda Guangzhou na Dubai kununua simu, nguo na vipuri. Kijana aliyekosa kazi kwenye kampuni za madini, au aliyekimbia vita ya Kivu na kukuta maisha magumu huku, anaweza kuambiwa: beba hii valizi, tiketi imelipwa, ukifika utapewa feza. Katika inchi kadhaa za Asia na za Waarabu, kilo chache za madawa ya kulevya ndani ya valizi ile zinatosha kuleta hukumu ya kifo. Mwenye mzigo anabaki nyumbani, na anayenyongwa au kupigwa risasi ni mbebaji.

Jirani zetu wamekwisha kuonja uchungu huo. Mwaka 2014 serikali ya Uganda ilitangaza kwamba raia wake wawili waliuawa China kwa kosa la madawa. Mwezi wa tatu 2025, mwanamke mmoja Mkenya alihukumiwa kifo Vietnam kwa kokeini ya zaidi ya kilo mbili. Alikuwa amekamatwa tangu 2023 kwenye uwanja wa ndege wa Ho Chi Minh. Habari ilipofika Kenya watu walipiga kelele, na Korir Sing'Oei, katibu mkuu wa wizara ya mambo ya inje, alizungumza na wenzake wa Vietnam kuomba huruma. Siku iliyotajwa kuwa ya kutekelezwa hukumu ilipita bila yeye kuuawa. Mwezi wa sita mwaka huo huo, bunge la Vietnam liliondoa hukumu ya kifo kwa makosa manane, na kusafirisha madawa ni moja kati yake.

Je, kelele za inchi za inje zinaokoa? Mara nyingine zinachelewa. Mwaka 2009 Gordon Brown, waziri mkuu wa Uingereza, aliiomba China isimuue Akmal Shaikh, aliyekamatwa na heroini na ambaye familia yake ilisema ana ugonjwa wa akili. Aliuawa tarehe 29 mwezi wa kumi na mbili. China ilijibu kwamba hakuna mgeni mwenye haki ya kuingilia mahakama zake. Mwaka 2015 Indonesia iliwapiga risasi wageni kwa makundi mawili, mwezi wa kwanza na mwezi wa nne. Brazil na Uholanzi ziliwaita mabalozi wao nyumbani, kisha Australia ikafanya vilevile. Mabalozi walirudi kazini baadaye. Waliokufa hawakurudi, na katika waliokufa walikuwamo Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa sana katika magazeti ya dunia.

Lakini usiku ule ule wa mwezi wa nne, mama mmoja Mfilipino aliondolewa katika orodha saa ya mwisho. Mwanamke aliyeshukiwa kumtuma alikuwa amejipeleka polisi kwao, na serikali ya Ufilipino ikaomba huyo mama abakizwe kama shahidi. Mwezi wa kumi na mbili 2024 alirudishwa kwao, yu hai. Kilichomfaa zaidi ni ushahidi na serikali iliyojua kesi yake kwa undani. Inchi iliyoanza kufuata kesi tangu siku ya kukamatwa ina la kusema mbele ya jaji. Inayosikia habari wakati kamba imekwisha kufungwa inabaki kulalamika tu.

Ndiyo maana kuna sheria. Mkataba wa Vienna wa 1963 unasema mgeni akikamatwa aambiwe bila kukawia kwamba ana haki ya ambasade yake kujulishwa. Kongo yenyewe imeshindwa kesi juu ya jambo hilo. Mfanyabiashara wa Guinea, Ahmadou Sadio Diallo, alifungwa kisha akafukuzwa Zaire mwaka 1996. Inchi yake ilipeleka shauri The Hague. Mwaka 2010 Mahakama ya Kimataifa ilisema Kongo ilivunja haki zake, pamoja na ile ya kuambiwa kuhusu ambasade, na mwaka 2012 ikaiamuru ilipe dola 95,000. Guinea si inchi tajiri. Ilishinda kwa kuwa ilishika sheria na haikuchoka.

Hapo ndipo neno linakuwa gumu kwetu. Mwezi wa tatu 2024 serikali ya Kongo iliondoa zuio lililofanya hukumu za kifo zisitekelezwe tangu 2003. Sababu iliyotolewa ni wasaliti ndani ya jeshi na majambazi wa mijini. Familia zilizokimbia Masisi, Rutshuru au Goma zinajua usaliti ulizipokonya nini, na nyingi zinaweza kusema: wafe. Hasira hiyo ina haki yake, na haifai kudharauliwa na mtu aliyelala kwake usiku wa vita. Lakini mahakama zinazokata kesi kwa haraka hukosea, na mtu aliyezikwa hapewi rufaa. Tena, siku kijana wa Kolwezi atakapokuwa mbele ya jaji wa mbali, balozi wa Kongo akasema binadamu ni mtakatifu, kama Katiba yetu inavyosema katika kifungu cha 16, ataulizwa: na kwenu je? Zambia, hapo tu ngambo ya Kasumbalesa, iliondoa hukumu ya kifo mwishoni mwa 2022. Balozi wake atajibu swali hilo bila kuinamisha kichwa.

Wakati tunangoja wakubwa waamue, familia zina la kufanya. Msafiri aache nyumbani kopi ya paspoti, jina la hoteli na namba ya mtu anayemwita huko. Asibebe mzigo ambao hakuufunga kwa mikono yake, hata kama anayempa ni mjomba au ndugu wa kanisa. Akikamatwa, aombe mara moja ambasade ya Kongo ijulishwe, na asitie sahihi karatasi ya lugha asiyoielewa. Familia isikae kimya kwa haya. Ipeleke barua kwa wizara ya mambo ya inje, itafute avoka, na ibaki na kopi ya kila kitu kilichotumwa. Na atakayekuja usiku kusema anajua jaji wa huko, anataka dola tu ili mtoto atoke, asipewe kitu.

Wale Wamarekani watatu walifika kwao na kukuta mashtaka mengine yanawangoja. Hawakuachiwa tu. Watajibu kesi, lakini wakiwa hai. Mwana wa Kongo, akiwa Kinshasa au akiwa Guangzhou, anastahili kiasi hicho hicho.