Jozi Mbili za Suruali

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo kila shule zikifunguliwa humla mtu mbuzi hapa Garissa. Neno lenyewe ni "pair".

Barua ya kujiunga na sekondari huja na orodha ya sare, Kiingereza kitupu. Mstari mmoja, "3 pairs of socks". Mstari unaofuata, "2 pairs of trousers". Habaryar, dadake mama, ana cherehani Suq Mugdi, na mimi ndiye msomaji wake wa orodha tangu niko darasa la sita. Soksi jozi tatu ni soksi sita, hilo halina ubishi. Sasa suruali jozi mbili ni suruali ngapi? Mtu mwenye akili timamu atasema nne. Kiingereza kinasema mbili.

Kuna mzee mmoja, mfugaji wa upande wa Modogashe, alilipia nne dukani kwa mtu. Mwenye duka alijua vizuri, akanyamaza. Mzee alikuja kwa Habaryar siku chache baadaye kuuliza kama mbili zilizobaki zinaweza kupunguzwa zimtoshe mdogo mtu, maana duka lilikataa kuzirudisha. Zilipunguzwa. Lakini mbuzi alikuwa ameshakwenda, kwa herufi nne tu.

Wallahi mimi simlaumu mzee. Kwa Kiswahili suruali ni moja. Kwa Kisomali surwaal ni moja vilevile, na neno ni lilelile, limetoka kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi. Kote huko lilikopita, vazi ni moja kwa sababu kiuno ni kimoja. Kiingereza ndicho kinahesabu miguu. Haya, na shati lenye mikono miwili, mbona lisiwe jozi? Kila mwalimu niliyemuuliza alinijibu kwamba hivyo ndivyo ilivyo. (Tena Kisomali hakina sauti ya p. Habaryar akisema "pair", Mwingereza atasikia dubu.)

Ndiyo maana Mkenya huandika "a trouser" na "a short", na kalamu nyekundu inapita hapo. Kalamu hiyohiyo hupita kwenye "she is putting on a red dress", ambayo kwetu ni msichana aliyevaa gauni jekundu na anatembea zake. Kwa mtahini, huyo bado yuko chumbani, mkono mmoja haujaingia. Sisi tuna kitenzi kimoja, kuvaa, na wakati ndio unaotofautisha: anavaa, amevaa. Wao wana vitenzi viwili. Nawafundisha watoto wa jirani tofauti hiyo kwa sababu ina alama kwenye mtihani. Ila ukiniambia Kiswahili ndicho kimepungukiwa, tutakosana.

Kwa mama wa wasichana, "pair" si shida kubwa. Wao wakinipa orodha wanauliza kwanza kama kitambaa cha kichwa kimo, na kama msichana ataruhusiwa suruali chini ya sketi. Wakati mwingine naisoma mara mbili, juu hadi chini, na sioni kitu.

Wanauliza kwa sababu wanakumbuka Isiolo. Kulikuwa na kesi kuhusu shule ya huko iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilikubali wasichana Waislamu wavae hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Karatasi za kesi nimezisoma. Suruali imeandikwa humo "a pair of trousers", sarufi safi kabisa, mwalimu yeyote angeipa tiki. Majaji walisema ombi lenyewe halikuwasilishwa mahakamani kwa njia inayofaa.