Komoro: Taifa Dogo Lililowaita Watoto Wake

Komoro ilijitangazia uhuru tarehe 6 Julai 1975, na kabla ya mwezi kutimia serikali yake ya kwanza ilikuwa imepinduliwa. Ufaransa iliondoa wataalamu na misaada yake. Kisiwa cha Maore kilibaki mikononi mwa Wafaransa, ingawa bendera ya Komoro hadi leo ina nyota nne, moja kwa kila kisiwa: Ngazija, Nzuwani, Mwali na Maore. Miaka iliyofuata ilijaa mapinduzi na mamluki, na mwaka 1997 Nzuwani na Mwali navyo vikatangaza kujitenga. Nchi iliyozaliwa katika misukosuko kama hiyo ilipata wapi nguvu ya kujenga timu ya mpira?

Nauliza kwa sababu habari za Komoro kwetu Unguja ni habari za jamaa. Wangazija tumesoma kwao Kurani na fiqhi, tumewaoza na wametuoza. Hata chama chao cha kupigania uhuru, MOLINACO, kilianzishwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo timu yao ikicheza, nami nina upande. Na katika kuifuatilia nimejifunza jambo ambalo nataka kulisema wazi: udogo wa nchi, au wa ukoo, au wa kijiji, hupungua pale watu wake wanapoitwa wakaitika.

Walioitika mwanzo hawakupata chochote. Mwaka 1979 Komoro ilikwenda Réunion kwenye Michezo ya Visiwa vya Bahari ya Hindi ya kwanza kabisa, ikachuana na majirani wenye visiwa kama wao. Nje ya bahari yetu, hakuna aliyewajua. FIFA iliwapokea mwaka 2005, miaka 30 baada ya uhuru. Mwaka 2007 wakaingia kwa mara ya kwanza katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Madagaska iliwafunga 6-2 kule Antananarivo, kisha ikawafuata Moroni ikawafunga 4-0 mbele ya watu wao.

Nawafikiria sana wachezaji wale. Mtu amefungwa mabao sita ugenini, anarudi nyumbani, anavaa jezi ileile na kuingia uwanjani kufungwa manne mengine. Hakuna wimbo unaowataja. Lakini bila wao pasingekuwa na timu ya kumwitia mtu yeyote baadaye. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa, na wanaounda chombo mara nyingi si wanaosafiri nacho.

Mwaka 2014 timu ilikabidhiwa kwa Amir Abdou, mzaliwa wa Marseille mwenye asili ya Komoro, aliyekuwa akifundisha timu ya ridhaa huko Ufaransa. Marseille ni mji ambao mtu anaweza kuishi miaka mingi akazungukwa na Wangazija. Vijana wa Kikomoro wamezaliwa huko, wamekulia katika majengo ya ghorofa ya mitaa ya kaskazini, na mpira wameujulia huko. Wengi walicheza madaraja ya chini, mahali ambapo macho ya Ufaransa hayafiki. Abdou aliwaendea. Hakuwa na fedha za kuwavutia. Aliwapa jezi, na nafasi ya kucheza mbele ya watu wanaojua majina ya babu zao. Nahodha Nadjim Abdou, aliyecheza miaka mingi Uingereza katika klabu ya Millwall, alikuwa ameitika mapema zaidi, wakati timu haina hata matumaini ya kufuzu.

Tarehe 25 Machi 2021 walitoka suluhu na Togo mjini Moroni, na suluhu ile ikawapeleka kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza. Timu hii imejipa jina la selakanti, samaki wa kale ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na wa pili akapatikana Nzuwani mwaka 1952. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote. Jina limewakaa.

Kule Kameruni, Januari 2022, walifungwa na Gabon, wakafungwa na Moroko. Kisha, tarehe 18 mjini Garoua, wakaifunga Ghana 3-2. Ghana imechukua kombe hilo mara nne. Komoro ndiyo kwanza ilikuwa na wiki moja ndani ya mashindano. Bao la kwanza lilifungwa dakika ya nne na El Fardou Ben, mzaliwa wa Maore. Tangu Ufaransa iwawekee Wakomoro sharti la viza ya kuingia kisiwa hicho mwaka 1995, watu wengi wamezama katika mkondo wa bahari kati ya Nzuwani na Maore wakiwa ndani ya boti ndogo za kwasakwasa. Mpira haukuwafufua hao, wala haukumaliza mzozo wa kisiwa kile. Lakini mtoto wa nyota ya nne alivaa jezi ya nyota zote nne, akafunga, na visiwa vyote vikashangilia jina moja.

Siku sita baadaye wakakutana na wenyeji, Kameruni, katika 16 bora mjini Yaoundé. Makipa wao wote watatu hawakuweza kucheza, kwa Uviko na kwa jeraha. Langoni akasimama Chaker Alhadhur, beki wa kushoto, mtu asiye mrefu. Niliitazama mechi ile barazani Mji Mkongwe, kwenye televisheni iliyotolewa nje, na sote tulisogea karibu kuangalia mgongo wa fulana yake: ilikuwa fulana ya kipa, na namba 3 imebandikwa kwa utepe. Dakika ya saba nahodha akapewa kadi nyekundu. Wakabaki 10, na beki langoni.

Tulitarajia mabao mengi. Alhadhur akaokoa mkwaju, akainuka, akaokoa na uliofuata. Kameruni ilipata mawili tu. Dakika ya 81 Youssouf M'Changama akapiga mpira wa adhabu kutoka mbali sana, ukatua wavuni, na mzee mmoja wa Kingazija pale barazani akasimama akalia waziwazi. Ikaisha 2-1. Usiku huohuo tukapata habari za msiba: watu wanane walikufa katika msongamano wa kuingia uwanjani. Mungu awarehemu.

Alhadhur hakuwa kipa bora, na hakudai kuwa hivyo. Palikuwa na nafasi wazi na taifa nyuma yake, akaenda kusimama. Somo hili nimelihitaji zaidi ya mara moja maishani. Mara nyingi tunangoja mwenye sifa kamili ajitokeze ndipo kazi ianze: mwalimu mwenye shahada, mfadhili mwenye fedha, kiongozi asiye na dosari. Lango linabaki tupu, na tunafungwa huku tukisubiri.

Komoro haikuishia pale. Novemba 2023 waliifunga Ghana tena, 1-0, safari hii Moroni. Oktoba 2024 wakaifunga Tunisia nyumbani kwake, wakamaliza wa kwanza katika kundi lao bila kupoteza mechi, na wakafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya pili. Nchi hiyo ina watu wasiofika milioni moja.

Nawaambia wenzangu wenye madaraka, kuanzia klabu za mtaani hadi wizarani: watoto wenu wako Muscat, London, Toronto na Marseille, na wengine wako nyumba ya pili tu, hamjawahi kuwauliza wanaweza nini. Waiteni, na mnapowaita muwe na kazi ya kuwapa. Nawe msomaji, ukiitwa na watu wako, nenda hata kama nafasi iliyo wazi si ile uliyoizoea. Usingoje timu ianze kushinda.