Baridi ya Moshi isikudanganye, jua lipo!

Ukishuka kwenye basi Moshi mwezi wa saba, kitu cha kwanza utakachotafuta ni sweta. Mlima umejifunika mawingu, hauuoni hata ukodoe macho vipi. Washikaji niliosafiri nao kutoka Dar kofia waliziacha nyumbani. Eti za nini, na jua lenyewe halipo?

Nikajiendea zangu soko la Mbuyuni. Kijana mmoja muuza mitumba, mwenye ualbino, alikuwa kavaa shati la mikono mirefu na pama lililofunika masikio na shingo. Nikamwuliza kulikoni, na ukungu wote huu?

"Kaka, kiangazi mwili wenyewe unakwambia kimbilia kivulini," akanijibu. "Kipupwe hakikwambii kitu. Dada yangu kila ikifika Juni alikuwa anavua kofia. Saratani ya ngozi imemchukua ana miaka 29."

Nilikosa la kusema.

Na jamaa anasema kweli. Kinachoharibu ngozi si joto, ni mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho. Wingu jepesi linaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo. Sisi tulio jirani na ikweta inatupiga mwaka mzima, na kila ukipanda mita 1,000 inaongezeka kwa kiasi cha asilimia 10. Nyie mnaojiandaa kupanda Kilimanjaro, mita 5,895, mjue theluji nayo inairudisha usoni kama kioo.

Hapo hapo Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichoanza 1992. Ndiko ulikoanzia mradi wa kutengeneza krimu ya kuzuia jua kwa ajili ya wenye ualbino. Usichukulie poa: kwao krimu hiyo si urembo, ni uhai.

Sisi weusi je? Kinga tunayo, inaitwa melanini, ila hatukuumbwa kwa chuma. Na wewe dada wa mkorogo (na makaka mmo, msijifiche!), unaikwangua kinga uliyopewa bure halafu unatoka nayo juani saa 6 mchana. Utalia na nani?

Basi shika haya, Januari hadi Desemba. Pama ni bora kuliko kepu, maana kepu inaacha masikio na shingo nje. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, pendelea kivuli. Krimu iwe na SPF 30 au zaidi, ipake nusu saa kabla ya kutoka, urudie kila baada ya saa 2 na ukitoka jasho. Kidonda kisichopona, muone daktari mapema.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, niko Lushoto. Nako baridi, nako jua lipo.