Na ya Kutolea



Leo hatusemi habari za shela wala rangi za msimu. Tunataka tuzungumze kuhusu pesa za kwenye simu. Karibu kila biharusi anayetushonesha siku hizi hupitisha arubuni yake huko, na huko ndiko tulikoona tabia zikigeuka kila makato yanapogeuka: za wateja, na zetu pia.

Sisi ni ndugu wawili, cherehani mbili na ovaloki moja. Bei tunapatana kwa ucheshi, mama wa biharusi akishusha, sisi tukipandisha, mwisho tunakutana kati. Ikifika pahala pa kulipa, maneno yetu yalikuwa hayo hayo siku zote: "Tutumie na ya kutolea." Yaani gauni ni 350,000, nasi tunataka 350,000 mkononi, kitakachokatwa kwa wakala mteja akijazie juu. Miaka yote hakuna aliyelalamika. Ilikuwa kama chumvi ya mchuzi, ipo na haitajwi.

Julai 2021 ikaanza kutajwa. Tarehe 15 ya mwezi ule ilianza tozo ya miamala, juu ya ada ya kampuni ya simu. Ilianzia shilingi 10 ikafika 10,000 kwa muamala mmoja, kwa kadiri ya kiasi. Anayetuma anakatwa, anayetoa anakatwa. Na pesa ya harusi, dada zetu mnaijua, haiendi safari moja. Kaka aliyeko Dar humtumia mama, mama hututumia sisi, sisi tunamtumia mwenye duka la vitambaa. Pesa zile zile, kila kituo zinapungua.

Watu hawakuacha kuoa wala kuolewa. Wakageuza njia tu. Wateja wa mjini wakaanza kuja wenyewe, pesa ndani ya kipochi, kipochi ndani ya buibui. Wa Pemba wakaanza kuwapa bahasha watu wanaosafiri na boti. Asubuhi moja tulikwenda Malindi bandarini kupokea bahasha kwa kijana ambaye hatukumjua wala hakutujua. Akatuuliza jina la mtumaji mara mbili ndipo akaitoa. Zilikuwamo zote, alhamdulillah, lakini hofu tuliyokuwa nayo tangu boti haijafunga gati ilikuwa kubwa kuliko tozo yenyewe.

Wengine walituomba lipa namba ili waepuke ile ya kutuma na ya kutolea. Tukaiweka, tumeibandika ukutani mpaka leo.

Waliotusikitisha zaidi ni wale wa kidogo kidogo. Tulikuwa na wateja wanaolipa 20,000 kila wiki, wengi wao wasichana wanaojishonea wenyewe kwa mshahara wao. Makato yalipopanda wakaona bora wangoje pesa zijae watume mara moja. Hazikujaa. Mtu akiwa na 60,000 ndani ya simu, mdogo wake akaumwa, au gesi ikaisha, ndiyo basi tena. Tulikuwa tunawalaumu kwamba si wakweli. Tulikosea, maana ile 20,000 ya kila wiki ndiyo iliyokuwa akiba yao, na makato yaliivunja.

Septemba mwaka ule tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na Julai 2022 kiwango cha juu kikashuka mpaka 4,000. Watu walisikia, lakini si wote waliorudi kwenye simu. Mtu akishazoea bahasha, hesabu za serikali hazimrudishi haraka.

Basi katikati ya mambo hayo, Agosti 2021, harusi moja ikaahirishwa bila tarehe. Sababu zilikuwa za nyumbani kwao, si zetu kuzieleza. Kitambaa hatujanunua, mkasi haujagusa kitu. Arubuni ilikuwa 200,000. Mama wa biharusi akaomba arudishiwe, nasi bila ubishi tukamrudishia 200,000 kwa simu, tukajiona wema kwelikweli. Si kila fundi anarudisha arubuni.

Haikupita saa simu ikalia. Mama yule ni mtu mzima, sauti yake ya upole.

"Wanangu, zimefika, ahsanteni. Lakini mlipopokea mlitaka na ya kutolea. Mnaporudisha hamuijui?"

Majibu tulikuwa nayo. Kwamba walioahirisha ni wao. Kwamba muda wetu umepotea. Kwamba hata sisi kumtumia tumekatwa. Tukamwambia tutaangalia, tukakata simu, tukaendelea kupiga pasi kama waliokasirika.

Usiku mtoto wa mmoja wetu alikuwa anahifadhi Juzuu Amma, amefika Suratul Mutaffifin, anarudia mwanzo wake kila akikosea. Tunaijua tangu chuoni. Inawaonya wale ambao wakipimiwa wao hutaka kipimo kitimie, na wakiwapimia watu hupunguza. Siku zote tulidhani ni habari ya wauza mchele na mizani zao. Tulitazamana, hakuna aliyesema neno.

Asubuhi tulimtumia elfu kadhaa za kutolea. Na hiyo nayo ilipokwenda ikakatwa, tukacheka wenyewe.

Lakini lililotuuma zaidi lilikuwa la zamani kidogo, na hatujapata kulisema nje ya duka.

Mnajua kwamba pesa tunazoweka kwenye simu hazikai kwenye simu. Sheria inataka kampuni iziweke benki, kwenye akaunti ya amana, na benki huzilipia riba. Tigo Pesa ilianza mwaka 2014 kuwagawia wateja sehemu ya fedha hizo kila robo ya mwaka, na kampuni nyingine zikafuata. Ndilo hilo gawio: ujumbe unaingia, umezawadiwa kiasi fulani, unafurahi. Kadiri salio linavyokaa ndivyo gawio linavyokua.

Sisi tulilipenda. Msimu wa harusi, arubuni za watu sita au saba zikiwa humo, salio linapendeza macho. Tukaanza mchezo ambao hatukuupa jina: tukipokea arubuni karibu na mwisho wa robo, tunasema kitambaa tutanunua wiki ijayo. Ngoja robo ipite. Pesa si zetu bado, gauni halijaanza, nasi tunazilaza zituzalie.

Mwaka 2019 biharusi mmoja alitaka satini ya zambarau, rangi maalumu, ifanane na dada zake ambao walikuwa wameshashona kwingine. Tulilaza arubuni yake siku kumi na moja. Tulipokwenda dukani jora limekwisha. Tukachukua iliyokaribiana nayo, mchana ikaonekana ndiyo. Ukumbini usiku, chini ya taa, yeye peke yake alikuwa amepigwa na wekundu kati ya dada zake. Hakusema kitu. Alitushukuru, akatupa na sahani ya biriani twende nayo. Mwisho wa robo gawio letu lilikuwa 14,000.

Tulimuuliza mwalimu wetu wa darsa, bila kumwambia ni sisi. Nadhani alijua. Alitutenganishia. Ada ya kutuma na kutoa, alisema, ni ujira wa kazi iliyofanywa, hauna neno. Muhimu wapatanao wajue mapema nani anaubeba. Gawio, kwa kuwa asili yake ni riba ya benki, masheikh wengi wanasema lisiliwe, bali litolewe kwa wenye shida bila kuhesabiwa kuwa ni sadaka yako. Zile huduma za kukujazia salio likipungua, ukalipe baadaye na ada juu, alisema tuzikimbie, hata kama biharusi amebakisha 10,000 tu na fundi anamngoja. Kisha akatuuliza sisi: hizo pesa mnazosema, ni za nani kabla gauni halijashonwa?

Swali lile hatukulijibu pale.

Siku hizi risiti yetu ina mstari wa ziada, tumeuandika kwa mkono mpaka tutakapochapisha kitabu kipya: ya kutolea juu ya nani, tukipokea na tukirudisha. Kitambaa kinanunuliwa ndani ya siku tatu, na picha ya risiti ya duka anatumiwa mwenyewe. Gawio likiingia halikai. Mara ya mwisho lilimnunulia umeme jirani mgonjwa. Wateja wawili walituona wasumbufu, wakaenda kwingine. Wamepata bei nzuri huko, tumesikia.

Mama yule alirudi mwaka jana. Harusi ya binti yake ilifika wakati wake, na huyo huyo bwana, mashaallah. Alituma 200,000 na ya kutolea juu, kisha akapiga simu.

"Wanangu, hesabuni kwanza."

Tulihesabu. Zilizidi 500. Tumeziandika kwenye daftari, upande wa anachotudai.