Dawa ya Kidonda na Ziwa la Mama

Mwezi huu hatuandiki habari tuliyoisikia kwa wengine, bali kosa tulilolifanya sisi wenyewe nyumbani mwetu, hapa Bugomora katika wilaya ya Kyerwa. Twaliandika kwa haya kidogo, maana mtu afundishaye wengine hupenda kuonekana kuwa ajua. Walakini kosa lililofichwa halimfunzi mtu.

Ulikuwa msimu wa kuvuna kahawa. Mwenzetu wa nyumba alikuwa na mtoto wa miezi 3, mwenye afya, aliyezaliwa kwa wakati wake. Jioni moja, alipokuwa akiipua sufuria ya ndizi na maharage, mchuzi wa moto ulimmwagikia mkono wa kushoto chini ya kiwiko, mahali pa upana wa kiganja. Tukamwagia maji baridi kwa muda mrefu, na asubuhi akaenda zahanati. Akarudi na kidonda kimefungwa kitambaa safi, na dawa nyeupe ya kupaka.

Shangazi yetu, mtu mzima tumheshimuye, akaitazama ile dawa akauliza, "Je, hii haitaingia katika maziwa?" Swali lake lilikuwa jema. Jibu letu ndilo lililokuwa baya. Ilitupasa kusema, "Hatujui, twende tukaulize." Lakini kwa kuwa tumezoea kuulizwa na kujibu, tulijibu mara moja: "Ni afadhali mtoto asinyonye mpaka kidonda kipone." Mwenzetu akasema, "Baba, naye atakula nini?" Tukasema, "Maziwa ya ng'ombe yapo."

Siku ya pili mtoto akaanza kuharisha. Siku ya nne macho yake yakaingia ndani, na kilio chake kikawa chembamba. Mama yake naye matiti yakajaa, yakawa magumu kama mawe. Usiku ule alimwonea mtoto huruma, akamnyonyesha kwa siri. Lakini ziwa lililojaa vile mtoto hakuweza kulishika vema, akaishika ncha ya chuchu tu, nayo ikapasuka. Asubuhi ya siku ya tano tukamkuta ameshika krimu nyingine iliyonunuliwa gulioni, ambayo jirani aliisifu kwamba huponya vipele, mikwaruzo na kila kitu. Alitaka kuipaka katika chuchu iliyopasuka. Safari hii hatukumkataza.

Tazameni basi, ndugu wasomaji, jinsi tulivyokuwa vipofu mara mbili. Palipokuwa salama tulikataza. Palipokuwa na hatari tulinyamaza.

Kwa rehema, kilio cha mtoto kilitushtua kabla krimu ile haijapakwa. Tukaita pikipiki, tukawapeleka wote wawili zahanati. Muuguzi akampokea mtoto kwanza, akampa maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na zinki, akamweka kifuani pa mama yake, upande wa ziwa lililo zima. Ndipo akatugeukia akauliza, "Mwalimu, nani aliyewaambia mmwachishe mtoto?" Mwenzetu akatazama chini, asitake kutuaibisha. Tukakosa neno. Mwishowe tukasema, "Ni sisi."

Hakutukemea. Alitwambia kwamba mama anyonyeshaye akipewa dawa ya kidonda yafaa kuuliza maneno manne: kidonda kiko wapi, dawa ni ya namna gani, itapakwa mahali pakubwa kiasi gani na kwa siku ngapi, na mtoto ana umri gani. Tuliyaandika katika daftari letu la mafundisho, nasi twawaletea kama alivyotueleza.

Neno la kwanza ni mahali. Ngozi ni ukuta. Dawa nyingi zipakwazo juu yake huingia kidogo tu katika damu, na kutoka katika damu kwenda katika maziwa hupita sehemu ndogo zaidi. Kwa hiyo kidonda kidogo cha mguuni au cha mkononi, kikipakwa dawa kisha kikafungwa kitambaa, hakimzuii mama kunyonyesha. Ajihadhari tu mtoto asikiguse wala asikilambe, na anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika. Lakini dawa iliyo katika chuchu haina haja ya kupita katika damu. Yaenda moja kwa moja kinywani mwa mtoto. Hapo hata dawa ndogo huwa kubwa.

Neno la pili ni jina la dawa. Ile dawa nyeupe ya mwenzetu iliitwa silva salfadiazini, nayo hutumiwa sana kwa vidonda vya moto. Kwa kidonda kidogo na mtoto mzima wa miezi 3, muuguzi hakuona sababu ya kumwachisha. Kama mtoto angalikuwa wa siku chache tu, au amezaliwa kabla ya wakati, au ana manjano ya macho, angalitafuta dawa nyingine, maana dawa za jamii ya salfa zaweza kumzidishia mtoto wa namna hiyo manjano.

Kisha akaitwaa ile krimu ya gulioni, akasoma maandishi madogo ya ubavuni. Ilikuwa na klobetasoli, ambayo ni steroidi kali sana. Dawa hiyo ina kazi yake kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa amri ya mganga. Lakini haiponyi chuchu iliyopasuka, na mtoto hapaswi kuilamba. Katika vitabu vya tiba imeandikwa habari ya mtoto ambaye mama yake alipaka steroidi kali katika chuchu tangu alipomzaa: mtoto yule alivimba uso, akapandwa na shinikizo la damu, na kukua kwake kukapungua. Tuliposikia hayo tulimtazama mtoto wetu tukanyamaza.

Tukamwuliza juu ya dawa nyingine zijulikanazo majumbani. Yale maji ya kahawia yaitwayo povidoni ayodini, akasema, hayana neno yakisafisha mkwaruzo mara moja. Lakini yakipakwa kila siku katika kidonda kipana, ayodini hupita katika ngozi na kukusanyika katika maziwa, nayo yaweza kuilegeza tezi ya shingoni mwa mtoto mchanga, ambayo ni ya lazima kwa kukua kwake na kwa akili yake. Ile dawa ya zambarau, ambayo mama zetu waliipaka sana katika chuchu na katika vinywa vya watoto wenye utando mweupe, siku hizi haisifiwi kama zamani. Ikiwa kali huweza kutia vidonda kinywani mwa mtoto. Na mwaka 2019 wizara ya afya ya Canada iliwaonya watu wake kwamba yaweza kuongeza hatari ya saratani. Dawa nyingine za utando huo zipo, na muuguzi atazitoa.

Na asali je? Sisi wa Karagwe na Kyerwa twaipenda asali, na ni kweli kwamba hutumiwa kutibu vidonda. Walakini isipakwe katika chuchu kamwe wakati mtoto hajatimiza miezi 12, kwa maana ndani yake zaweza kuwamo mbegu za kijidudu kinachotoa sumu tumboni mwa mtoto mchanga na kumlegeza viungo hata pumzi. Majani machungu ya mubirizi na miti mingineyo ya mashamba yetu nayo yasipakwe hapo, maana mtoto hajui kuchagua amezacho.

Neno la tatu na la nne yafuatana. Kadiri kidonda kilivyo kipana na siku zilivyo nyingi, ndivyo dawa iingiayo mwilini inavyozidi. Na kadiri mtoto alivyo mchanga, ndivyo mwili wake ushindwavyo kuitoa. Mtoto wa wiki 1 si sawa na mtoto wa mwaka 1 alaye ugali.

Muuguzi hakuyasema yote haya kwa kichwa tu. Jina moja lilipomtatiza alifungua simu yake akatafuta katika LactMed, orodha ya dawa na kunyonyesha ambayo Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani imeiweka wazi kwa watu wote tangu mwaka 2006. Tukaona ajabu: yeye aliyesomea kazi hii hakuona haya kutazama, nasi tusioisomea tulijibu bila kutazama.

Chuchu iliyopasuka aliitibu kwa njia nyepesi. Alimwonyesha mwenzetu kukamua maziwa kidogo kwanza ili ziwa lilegee, kisha kumweka mtoto apanue kinywa na kushika sehemu kubwa ya ziwa, si ncha ya chuchu. Maana mipasuko mingi hutoka hapo. Baada ya kunyonyesha apake matone ya maziwa yake mwenyewe, aache pakauke. Na mama akipewa dawa ya kupaka hapo, aipake baada ya kunyonyesha, si kabla, na aulize kama yapasa kufutwa kwanza mtoto anyonyapo tena. Lakini ziwa likiwa jekundu na la moto, mama akatetemeka kwa homa, au usaha ukatoka, asingoje. Aende siku ile ile. Ziko dawa ziwezazo kumezwa huku mtoto akinyonya.

Liko na jambo moja ambalo mkoa wetu wa Kagera haupaswi kulisahau, kwa kuwa ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walikoonekana mwaka 1983. Mama aishiye na virusi hivyo, chuchu yake ikitoka damu, asimnyonyeshe upande ule mpaka upone. Akamue na kumwaga, amnyonyeshe upande ulio mzima, asiache dawa zake, na aende kliniki upesi. Watu wa nyumbani wasimwulize maswali ya kumwaibisha.

Mtoto wetu alipona. Maziwa yalikuwa yamepungua, lakini kwa kunyonyesha mara kwa mara, usiku na mchana, yalirudi katika siku chache. Kidonda cha mkono nacho kilifunga, na dawa nyeupe ikapakwa hata mwisho wake. Shangazi akacheka akasema, "Mimi niliuliza tu, ninyi ndinyi mliohukumu." Alisema kweli.

Basi, walimu wenzetu, twajua kwamba baada ya ibada akina mama hutujia na maswali mengi, na baadhi yake si ya kazi yetu. Mtoto apaswa kunyonya maziwa ya mama pekee, bila hata maji, miezi 6 ya kwanza, kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka 2 au zaidi. Kumwachisha ghafula ni tiba nzito kuliko dawa nyingi za kupaka, nasi tuliitoa kama mtu atoaye salamu. Siku hizi mama akituuliza juu ya dawa twamjibu hivi: "Endelea kunyonyesha, usiipake katika chuchu, chukua dawa pamoja na karatasi yake, twende tukamwulize muuguzi." Nasi tukiwa na nafasi twamsindikiza.

Wasalaam. Ni sisi mwalimu wenu, Bugomora.